Msitu wa Kabobo: Tuutembelee Pamoja Kabla ya Kuugombania

Maneno yafuatayo yalisemwa mjini Kalemie mbele ya wajumbe wa familia zilizohamishwa na vita, viongozi wa kambi na wazee wa vijiji, wakati wa kutayarisha ziara ya msitu wa Kabobo. Tunayachapisha ili yasomwe kwa sauti kambini na katika vikao vya baraza.



Nawashukuru kwa kuja. Kati yenu wamo walioacha madumu kwenye foleni ya maji, na wamo waliotembea tangu alfajiri. Wamo Waluba, Watwa, Watabwa, Waholoholo na Wabembe. Wamo waliokimbia Nyunzu na Manono miaka mingi iliyopita, na wamo waliofika mwaka 2025 na vita ya Kivu Kusini. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu, nalo ni hili: msitu ambao watu hawajazungumza juu yake pamoja, siku moja watapigana juu yake. Ndiyo sababu tunataka kwenda kuutembelea msitu wa Kabobo, na kwenda pamoja.

Mtu anaweza kuuliza: watu wasio na chakula cha kutosha, wanaolala chini ya turubai, waende kutazama miti na swala kwa faida gani? Swali hilo ni la haki. Wenye nafasi hutembelea hifadhi ili wapumzike. Sisi tunakwenda kwa sababu kuni za kambi, makala ya mji, maji ya mito na shamba ambalo mtu atalima akirudi kwao, yote yanagusa msitu. Na katika jimbo letu, mambo hayo yameshamwaga damu.

KUNA NINI KABOBO?

Wengi wetu tunaiona milima ile tukiwa ndani ya boti tunapopanda kaskazini kwa njia ya ziwa. Ni milima mirefu, vilele vyake vinapita mita 2,500, na miguu yake iko karibu kabisa na maji ya Tanganyika. Chini kuna miombo, ile miti tunayoifahamu kwa viwavi, uyoga na asali. Ukipanda, msitu unakuwa mnene na wa baridi, na ukungu haukosi asubuhi.

Kwa miaka mingi wataalamu hawakuweza kuufikia kwa sababu ya usalama mbaya. Tangu mwaka 1960 karibu hakuna mtafiti aliyepanda huko. Mwanzoni mwa mwaka 2007 kundi moja lilifanikiwa kuingia. Katika miezi michache walikuta wanyama sita ambao sayansi ilikuwa haijawahi kuwaandika: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili. Wazee wanaoishi chini ya mlima hawakushangaa sana. Walikuwa wanajua siku zote kwamba msitu wao una viumbe vyake.

Wako sokwe. Yuko mbega wa Kabobo, nyani mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, ambaye jamaa zake wa aina hiyo hawapatikani mahali pengine popote duniani ila kwenye milima hiyo. Yuko ndege mdogo ambaye wataalamu wamempa jina la mlima wenyewe. Wako pongo na swala wadogo wa msituni, wale ambao babu zetu waliwawinda kwa nyavu na mbwa, na ambao leo mwindaji anaweza kukaa siku tatu bila kumwona hata mmoja.

Kisha kuna maji. Mito inayoshuka kutoka milima ya upande huo inanywesha mashamba na vijiji hadi ziwani. Umeme tunaoungojea hapa mjini unatoka Bendera, na mashine zake zinazungushwa na maji ya mto Kyimbi unaoporomoka kutoka nyanda hizo za juu. Msitu ukikatwa, mvua inashuka na udongo. Udongo unafunika mawe ya pwani ambako samaki wengi huzalia. Mvuvi wa Kalemie ambaye hajawahi kupanda mlima wowote, naye anakula kutoka msituni.

Kwa hiyo Kabobo ni ghala, na ghala la watu wengi halikosi kugombaniwa.

UKUTA WA MFALME NA NGAZI YA MPIKA POMBE

Ugomvi wa namna hii haukuanza kwetu. Nitawapa hadithi ya kweli kutoka mbali, kutoka Uingereza, kwa sababu mtu huona vizuri zaidi kosa la jirani kabla ya kuliona la nyumbani.

Karibu na mji wa London kuna mahali panapoitwa Richmond Park. Ni uwanja mkubwa wa majani na miti mizee sana, na ndani yake wanaishi kulungu wapatao 600. Kulungu wa huko si swala wetu. Madume wana pembe zenye matawi kama mti, na kila mwaka pembe hizo huanguka, zikaota nyingine. Leo watu wote huingia bure kuwatazama, mradi wasisogee karibu sana. Wanaombwa kubaki umbali wa mita 50. Tangu mwaka 2000 ni hifadhi ya taifa ya mazingira, na hata mti uliokufa huachwa ulale pale pale, kwa sababu wadudu wengi huishi ndani ya ule uozo.

Ukipaona leo utasema pamekuwa pa amani siku zote. Haikuwa hivyo. Mwaka 1637 mfalme Charles wa Kwanza, aliyependa kuwinda, alijenga ukuta wa karibu kilomita 13 kuzunguka eneo lote. Ndani ya ukuta zilibaki ardhi ambazo watu walikuwa wakilima, na malisho ambayo vijiji vilitumia kwa pamoja. Wengine walilipwa, lakini watu walinung'unika sana, hata washauri wa mfalme mwenyewe walimwonya. Miaka 12 baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, mfalme huyo alikatwa kichwa. Sisemi alikufa kwa sababu ya kulungu. Nasema kwamba ukuta ule ulikuwa mmoja wa mambo yaliyowafanya watu wamwone kama mtawala asiyesikiliza.

Ukuta ulibaki. Zaidi ya miaka 100 baadaye, binti wa mfalme mwingine, aliyeitwa Amelia, alipewa uangalizi wa eneo hilo. Akafunga milango, wakawa wanaingia marafiki zake na wenye kibali tu. Njia za miguu ambazo watu walizitumia kwenda sokoni na kanisani zikakatika. Hapo akatokea John Lewis, mtu wa mji ule, mpika pombe kwa kazi yake. Hakuchukua rungu wala hakuchoma mlango. Alijaribu kuingia, mlinzi akamzuia, naye akaenda mahakamani. Mwaka 1758 mahakama ikampa haki: watu wapite kwa miguu kama zamani.

Hakimu akamuuliza: unataka mlango au ngazi ya kuvukia ukuta? Akachagua ngazi, maana mlango wa mahali penye kulungu lazima ufungwe, na mlango unaofungwa siku moja utatiwa kufuli. Ngazi zikawekwa. Lakini wale waliozitengeneza waliweka vipandio mbalimbali sana, hata watoto na wazee hawakuweza kupanda. Lewis akarudi mahakamani. Hakimu akaamuru ngazi zitengenezwe upya, ili hata bibi kizee aweze kuvuka.

Ndugu zangu, shikeni hapo. Haki ilikuwa imeandikwa, ngazi ilikuwa imesimama, lakini bibi kizee alikuwa bado nje. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa na makubaliano yetu. Karatasi inatiwa sahihi, picha inapigwa, lakini mama anayebeba kuni hakuulizwa kipandio kiwe wapi.

KARIBU NA KWETU

Sasa turudi nyumbani. Wazee wanakumbuka kwamba mji huu uliitwa Albertville, kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Mwaka 1925 jina hilohilo lilipewa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika, ile tunayoiita leo Virunga. Mji na hifadhi vilibeba jina moja kwa sababu vilitoka mkono mmoja: amri iliyotoka juu, kwa watu ambao hawakuulizwa.

Baada ya uhuru desturi hiyo haikuisha. Mwaka 1970 iliundwa hifadhi ya Kahuzi-Biega huko Kivu Kusini, na mwaka 1975 ikapanuliwa sana. Familia za Watwa zilizokuwa zikiishi humo ziliondolewa, na hazikupewa ardhi nyingine ya kutosha. Waliishi pembezoni mwa mashamba ya watu wengine kama wageni katika nchi yao. Mwezi wa Oktoba 2018, baada ya ahadi nyingi, baadhi yao waliamua kurudi ndani kwa nguvu. Wakafuata mapigano na walinzi. Watu walikufa pande zote mbili, na miti mingi ikakatwa kwa ajili ya makala. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliowapa Watwa haki katika kesi yao. Karibu miaka 50 kutoka kufukuzwa hadi kusikilizwa! Hesabuni ni watoto wangapi walizaliwa na kuzeeka katika muda huo.

Na sisi wa Tanganyika? Tangu mwaka 2013 Watwa na Waluba wamepigana katika sehemu za Manono, Nyunzu, Kabalo, na baadaye Kalemie. Sababu ni nyingi, na ninyi mnazijua kuliko mimi: dharau, ndoa zilizokataliwa, kazi isiyolipwa, ardhi, na watu wa siasa waliochochea. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 2016, moto ulipowaka upya, miongoni mwa mambo yaliyouwasha ulikuwa ushuru uliodaiwa kwa Watwa waliookota viwavi. Viwavi! Chakula ambacho mti hutoa bure kila mwaka. Mwaka uliofuata, watu zaidi ya nusu milioni walikuwa wamekimbia makwao katika jimbo letu.

Tusiseme basi kwamba mambo ya msitu ni ya wazungu na wataalamu. Sisi tumeshazika watu kwa ajili yake.

JINSI MPAKA WA KABOBO ULIVYOWEKWA

Kabobo ilijaribu njia nyingine. Baada ya utafiti wa 2007, watu wa mashirika ya uhifadhi walitembea kijiji kwa kijiji, wakakaa na machifu na wananchi. Wanavijiji wengi walikuwa na hofu yao wenyewe: waliona wageni wakija kuchimba dhahabu na kukata miti, wakaogopa kwamba msitu wa babu zao utakwisha mbele ya macho yao. Wakaulizwa mpaka upite wapi. Mwezi wa Desemba 2016 serikali ya jimbo la Tanganyika ikatangaza hifadhi ya Kabobo, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 1,500. Kwa upande wa Kivu Kusini ikapakana na hifadhi ya Ngandja, na kwa magharibi iko ile ya Luama, ya tangu wakati wa ukoloni.

Hiyo ni njia bora kuliko ukuta wa mfalme, na tuwashukuru waliokaa chini kuzungumza. Lakini tazameni tarehe. Desemba 2016 ni miezi ileile ambayo vijiji vilikuwa vinachomwa, na watu walikuwa njiani na magodoro kichwani. Mpaka ulichorwa na watu waliokuwapo. Wengi wenu hapa hamkuwapo. Mlikuja baadaye, kwa kukimbia, mkakuta mpaka umeshawekwa. Hamkukataa mpaka huo, na hamkuukubali pia. Hamkuulizwa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mtakuja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mwenyeji anasema: sisi tulijinyima, tukakubali kutowinda na kutokata, na sasa wakimbizi wanakata. Mkimbizi anasema: mtoto wangu halali na njaa kwa sababu ya nyani. Mtwa anasema: mnazungumza juu ya msitu kana kwamba mimi ni mnyama mmojawapo wa humo. Mlinzi anasema: mimi nina sheria mkononi, na mshahara wangu umechelewa. Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli. Wakikutana kwa mara ya kwanza siku ya ugomvi, mmoja akiwa na panga na mwingine na bunduki, ukweli huo hautasaidia kitu. Lazima wakutane kabla.

ZIARA YETU ITAKAVYOKUWA

Ndiyo maana tunatayarisha ziara. Haitafanyika mpaka mambo matatu yakubaliwe: wakuu wa usalama waseme njia ni salama, ofisi ya ICCN itoe ruhusa, na wazee wa vijiji vya chini ya mlima watukaribishe. Mgeni hupiga hodi. Kama moja kati ya hayo matatu halipo, tutangoja. Hakuna mti wala swala anayestahili mtu apoteze uhai kwa kwenda kumtazama.

Makundi yatakuwa ya watu wachache, na kila kundi litachanganya. Hatutapeleka Watwa siku moja na Waluba siku nyingine. Katika kila kundi awepo mzee wa Kitwa na mzee wa Kibantu, mama anayetafuta kuni, kijana anayechoma makala, mkulima mwenyeji na mtu wa kambini. Ninasisitiza juu ya kijana wa makala. Mara nyingi tunamwacha kwa sababu tunamwona mkosaji. Lakini yeye ndiye anayejua miti imefikia wapi, na yeye ndiye atakayepoteza riziki ikiwa tutakubaliana bila yeye.

Njiani tutawaomba wazee wa Kitwa watangulie kutufundisha. Mti huu unaitwaje? Unatibu nini? Swala amepita lini hapa? Asali iko upande gani? Nimeona mara nyingi kwamba watu waliozoea kumwamuru Mtwa hubadilika sauti wanapomwuliza. Ni jambo dogo, lakini amani ya kweli huanza mtu anapotambua kwamba yule mwingine anajua kitu ambacho yeye hakijui.

Ziko pia kanuni za mahali. Mwenye kikohozi, homa au upele abaki, asiende. Sokwe ni ndugu wa karibu sana wa mwanadamu kwa mwili, na ugonjwa ambao kwetu ni mafua tu unaweza kuwaua wengi wao. Tukiwaona, tutakaa mbali na tutasema kwa sauti ya chini. Hatutawapa chakula. Hatutaacha mabaki wala mifuko ya plastiki. Hatutawasha moto, hasa wakati wa kiangazi, kwa sababu cheche moja katika majani makavu ya miombo hupanda mlima upesi kuliko mtu. Na hatutabeba chochote kurudi nacho, hata kuni moja, ili asiwepo wa kusema: walikuja kwa amani, wakaondoka na mzigo.

Tutakapofika mpakani tutasimama. Hapo ndipo mahali muhimu kuliko vilele vyote. Tutawauliza wenyeji na walinzi maswali manne, na tutaandika majibu:

Kwanza, mpaka unapita wapi hasa, na alama yake ni nini: mto, mti, jiwe au kibao? Mpaka ambao mtu haujui hawezi kuuheshimu.

Pili, ni nini kinachoruhusiwa na nini kinachokatazwa: kuteka maji, kuokota kuni kavu, viwavi, uyoga, dawa, kwenda kwenye makaburi na mahali pa matambiko?

Tatu, nyani au nguruwe pori wakimaliza mihogo ya mtu, anamwambia nani, na jibu linakuja baada ya siku ngapi?

Nne, mtu akikamatwa, anapelekwa wapi, na nani anawaarifu watu wake? Hili ni swali zito. Mahali ambapo mtu anaweza kupigwa au kutozwa pesa gizani bila karatasi, hifadhi itachukiwa hata kama ina wanyama wazuri namna gani.

BAADA YA KURUDI

Ziara isiyozaa kitu ni matembezi. Kwa hiyo tukirudi, kila kundi litakaa na baraza lake na kueleza lililoona. Kisha tutatafuta mapatano madogo yanayoweza kutimizwa.

Yako mambo tunayoweza kufanya bila kungoja mfadhili. Kuni tunaweza kuzipunguza kwa majiko ya udongo yanayobana moto, ambayo mama wengi hapa wanajua kuyafinyanga. Miti ya kuni inaweza kupandwa karibu na kambi, mradi mwenye ardhi akubali na iandikwe nani atavuna, maana mti hukua miaka, na mkimbizi huogopa kupanda atakachokiacha. Familia inayopewa shamba kwa misimu michache na mwenyeji iandikiane naye mbele ya chifu na mashahidi wa pande zote: ukubwa, misimu mingapi, na sehemu gani ya mavuno. Karatasi moja ya namna hiyo imezuia ugomvi mwingi kuliko hotuba kama hii yangu.

Yako pia ambayo sheria ya nchi inatuwezesha kuyadai. Amri ya mwezi wa Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kuomba msitu wake iutunze na kuutumia kwa kufuata desturi na mpango uliokubaliwa, hadi hekta 50,000. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Watwa na ndugu zao wa asili katika nchi nzima, na inatambua haki yao juu ya ardhi na mali za msitu wanazozitegemea. Viongozi, someni sheria hizo. Waluba, msiiogope sheria ya 2022. Haiwanyang'anyi mashamba yenu. Inamtaka jirani yenu ahesabiwe kuwa raia kama ninyi. Na ndugu Watwa, sheria hiyo haimpi mtu ruhusa ya kulipiza kisasi. Itakuwa na nguvu ikiwa mtaishika pamoja na majirani.

Kwa wenyeji wa chini ya mlima nina ombi moja. Mlitangulia kuulinda msitu, na hilo ni heshima yenu. Msiwatazame waliokuja kwa kukimbia kama nzige. Hakuna aliyechagua kuchomewa nyumba. Wakaribisheni katika mazungumzo juu ya msitu kabla hawajaingia kwa panga, kwa sababu mtu aliyeketi katika baraza na kutoa neno lake huona aibu kulivunja.

Na kwa ndugu wa kambini: tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji apone kweli kwa kuja kwetu. Msitu huu si wa kupita tu. Wengine mtarudi Nyunzu, Manono au Fizi, lakini wengine watoto wenu wataoa na kuolewa hapa. Maji watakayokunywa yatatoka mlima uleule.

Kule Uingereza walihitaji zaidi ya miaka 100 tangu ukuta hadi ngazi, na bado ngazi ya kwanza haikumfaa bibi kizee. Kahuzi-Biega wamengoja karibu 50. Sisi hatuna muda huo. Tuna mpaka ambao bado ni mpya, wazee ambao bado wako hai na wanakumbuka ulivyowekwa, na msitu ambao bado umesimama. Hiyo ni nafasi ambayo wengi hawakuipata.

Nendeni mkachague watu wenu. Chagueni wasemaji wazuri, lakini mchague pia wale wanaobeba mizigo.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA BARAZA

1. Katika kijiji au kambi yetu, nani anategemea msitu zaidi, na je, ana sauti katika vikao vyetu?

2. Ni desturi gani za zamani, za Watwa na za Wabantu, zilizolinda wanyama na miti? Ipi tunaweza kuirudisha leo?

3. Ugomvi wa mwisho juu ya kuni, viwavi, shamba au uwindaji ulianzaje kwetu? Nani angeweza kuuzuia, na kwa neno gani?

4. Katika mapatano tuliyonayo sasa, "bibi kizee" ni nani? Ni kipandio gani ambacho hawezi kukifikia?